Imondo ya Mwenye Hoteli

Wameibomoa. Nilikuwa nimetoka Lurambi kununua dawa ya ng'ombe, nikapita barabara ile ya zamani bila kufikiri, nikakuta uzio wa mabati. Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Kuta zote zilikuwa chini, milango imepangwa pembeni ili iuzwe, lakini sakafu ya ukumbi wa kulia ilikuwa bado iko, ile simiti nyekundu, imeachwa wazi juani kwa mara ya kwanza tangu imwagwe. Mlinzi, kijana wa umri wa wajukuu wangu, akaniuliza, "Mathe, unatafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu.

Nyinyi wa rika langu, mliokuwa mkipitishwa mbele ya hoteli ile mmeshikwa mkono na kuambiwa msikodoe macho ndani, nawaandikia nyinyi. Watoto wetu wakiuliza wataambiwa kwamba palikuwa na hoteli hapo, kwanza ya Mzungu, kisha ya Mhindi, kisha ya Mwafrika, na habari itaishia hapo. Hakuna atakayewaambia habari za mpishi. Mpishi alikuwa baba yangu, na aliyemwangusha ni mimi.

Hoteli ilijengwa siku zile Wazungu walipokuja Kakamega kuchimba dhahabu. Dhahabu ikawachosha, wakafungasha wakaenda, hoteli ikabaki na vitanda vyake na mabafu yake. Baba, Shivachi, aliingia pale akiwa kijana wa kupasua kuni. Kutoka kuni akaingia kwenye kuosha masufuria, kutoka masufuria akashika kisu, na nilipozaliwa mimi alikuwa ndiye mpishi mkubwa, mwenye koti jeupe la vifungo vya shaba. Tulikaa kwenye kota nyuma ya hoteli, chumba kimoja na kipande, baba, mama, mimi na mdogo wangu Josefu. Ukuta wetu mmoja ulikuwa ndio ukuta wa stoo ya makaa, kwa hiyo nguo zetu zilinukia makaa hata zikitoka kuanikwa.

Mzungu mwenyewe sikuwahi kumjua jina. Sisi watoto wa kota tulimwita Bwana Mluzi, kwa sababu alimwita mbwa wake kwa mluzi na wahudumu vilevile aliwaita kwa mluzi, na mluzi ulikuwa ule ule mmoja. Jumapili alikula kuku. Na hapa lazima nieleze jambo, maana kuna watu watasoma haya wakadhani nafanya kelele kwa sababu ya kipande cha nyama.

Kwetu Isukha, na kwa Waluhya wote ninaowajua, firigisi, ambayo sisi twaita imondo, haiwi mali ya aliyewahi. Ni ya mwenye boma. Mke akimpikia mumewe kuku, imondo lazima iwemo bakulini mwake, na isipokuwemo mwanamume ataondoa mkono kwenye chakula na kuuliza iko wapi, na kuna ndoa ambazo wazee waliitwa kwa swali hilo tu. Mgeni wa heshima anaweza kupewa, kwa ridhaa ya mwenyeji. Wanawake siku hizo hawakula kuku kabisa. Na msichana aliyeonja imondo akiwa anapika, habari yake ilifika kwa watu watakaomwoa kabla yeye mwenyewe hajafika.

Bwana Mluzi hakujua lolote kati ya hayo. Lakini kila Jumapili baba alimpelekea kuku wake, na kando yake kisahani kidogo chenye imondo imekatwa katikati, imekaangwa kwa siagi. Mzungu aliila kwa sababu iliwekwa mbele yake. Pengine alidhani ni mapishi ya nyumbani kwao.

Nilikuwa na desturi ya kukaa jikoni nikimenya njegere. Siku moja nikamwuliza baba, "Kwa nini unampatianga yeye?"

"Imondo ni ya mwenye nyumba."

"Na asipokula?"

Baba alikuwa anakata kitunguu, akacheka. "Asipokula basi si mwenye nyumba."

Yeye aliyasema maneno hayo kwa mzaha akaendelea na kitunguu chake. Mimi niliyaondoa pale jikoni nikayabeba neno kwa neno, kama mtu abebavyo maagizo ya daktari. Nilielewa hivi: hoteli huwa ya yule anayekula imondo. Anayeila leo, leo ni yake. Akiacha kuila, inamtoka.

Msinicheke, kwa maana mambo yenyewe yalikuja kunithibitishia. Meno ya Bwana Mluzi yalianza kumsumbua. Kisahani kikawa kinarudi jikoni imondo ikiwa haijaguswa, Jumapili moja, ya pili, ya tatu. Mimi nikaanza kungoja. Haikupita miezi mingi nikaona masanduku yake yanapakiwa kwenye gari. Watu wazima walisema anaondoka kwa sababu ya bendera mpya na serikali mpya. Mimi nilijua ni meno.

Akaja Mhindi, Bwana Jivan, mtu mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti. Kibao cha hoteli kikapakwa rangi upya kikaandikwa jina la binti yake. Siku ya kwanza baba akavaa koti, akampelekea kuku na kisahani. Bwana Jivan hakuwa anakula nyama ya aina yoyote. Alitabasamu, akagusa ukingo wa kisahani kwa kidole, akamrudishia baba kwa mikono miwili. Baba hakuthubutu kuila mwenyewe, maana haikuwa yake, kwa hiyo alimrushia mbwa aliyeachwa na Mzungu. Kwa wiki nzima nilimpisha mbwa yule njiani kwa heshima.

Nilijua Bwana Jivan hatadumu, na hakudumu. Watu walianza kusema kwamba Wahindi waachie wananchi maduka, yeye akauza mapema na kwenda zake na familia yake. Aliaga kila mtu wa jikoni kwa jina. Mama alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nawaza ni nani sasa.

Shuleni mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba vitu vyote vya nchi hii sasa ni vyetu. Na mama, akianika mashuka ya hoteli, alimwambia jirani yake wa kota, "Sasa itakuwa ya nani, kama si ya mtu ameishika miaka hii yote?" Yalikuwa maneno ya kupitisha kazi. Mama hakuwa mjinga. Lakini mimi nililala nimeshajiona binti wa mwenye hoteli, nikawa hata nimechagua chumba. Shuleni walikuwa wakiniita mtoto wa boi, na nilikuwa nimewapangia majibu.

Kisha gari likaingia uani, akashuka Bwana Makokha.

Alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Mayoni, mwenye malori ya miwa na suti ya kijivu. Nataka kuwa wa haki kwake, hakuwa mtu mbaya. Aliingia moja kwa moja jikoni, jambo ambalo wale wawili hawakulifanya, akamsalimu baba kwa mikono miwili. Akamwambia, "Shivachi, nimesikia habari yako. Jumamosi wakwe wangu wanakuja kuniona hapa. Hao watu hawajawahi kuniheshimu. Nipikie kama nyumbani, si hiyo kitu ya Wazungu. Ukiniheshimisha, hii jiko ni yako, na ile nyumba utakaa mpaka uzeeke."

Wiki ile baba alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu siku mbili mfululizo. Aliimba nyimbo za kanisani akisafisha jiko la kuni. Mama alipomwuliza ana nini, alisema jambo ambalo limekaa nami hadi leo: "Mama Roda, wale wengine nilikuwa nawapatia imondo na hawajui ni nini. Sasa nitapikia mtu anajua."

Roda ni mimi. Niliona wazi kabisa kwamba Jumamosi Bwana Makokha akishaila imondo, hoteli imekwenda. Alikuwa na meno mazuri na alikula nyama. Asingeondoka kamwe. Na baba yangu, kwa wema wake, alikuwa akijiandaa kumpelekea kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi hiyo adhuhuri wageni walijaa. Walichinjiwa mbuzi wawili, lakini kwa ajili ya mwenye hoteli kulikuwa na jogoo mmoja tu, jogoo mwekundu ambaye baba alimfuata mwenyewe Khayega. Alipikwa kwenye chungu, kwa moto mdogo, tangu asubuhi. Kisahani hakikutumika siku hiyo, kwa sababu hii ilikuwa meza ya mtu wa nyumbani. Baba alipakua vipande vyote kwenye bakuli la udongo kwa mpango wake, imondo ikakaa juu kabisa ya kidari ambapo mwenyewe angeiona akifunua tu. Akafunika. Kisha akaenda kunawa na kuvaa koti.

Baba alikuwa na mazoea yake. Hakubeba chakula cha watu akiwa na njaa, alisema macho ya mtu mwenye njaa yanaingia kwenye sahani ya mgeni. Kwa hiyo siku zote kulikuwa na kibakuli chake nyuma ya jiko, obusuma, yaani ugali, na mboga, na alikula matonge matatu manne akiwa amesimama, ndipo akabeba. Nilifunua bakuli. Niliitoa imondo kwa vidole, ikaniunguza, nikaisukuma chini ya mboga za baba. Nikafunika. Nikarudi kwenye njegere zangu.

Alirudi ametakata, vifungo vinang'aa. Akachukua kibakuli, akamega tonge, akachota mboga, akatia mdomoni. Akatafuna. Nami nilikuwa nimeinua uso namwangalia, kwa sababu sikutaka ile dakika inipite. Akaacha kutafuna. Macho yake yakaja kwangu, nami nikamtabasamia tabasamu langu lote.

Kengele ya ukumbini ikalia. Baba akameza.

Leo ndiyo najua kwamba pale aliposimama alikuwa ameshaelewa yote isipokuwa sababu yake. Hakukuwa na jogoo mwingine. Hakunifokea, hakufunua bakuli kuhakikisha. Alijifuta mdomo, akainua sinia, akaenda nalo, hatua zake zile zile.

Nilikimbilia kidirisha cha kupitishia sahani. Bwana Makokha alikuwa amekaa katikati, wakwe zake kulia na kushoto, wazee wenye kofia wasiocheka. Kasisi aliomba. Baba akaweka bakuli. Bwana Makokha akafunua, akatazama, akachukua kijiko akapindua kidari, akapindua paja, akaenda mpaka chini kwenye mchuzi. Ukumbi wote ukanyamaza polepole, meza moja baada ya nyingine, na watu wote wakageuka kumwangalia baba yangu. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha. Nilidhani hoteli imeanza kuhamia kwake.

"Shivachi."

"Ndiyo, mkubwa."

"Hii kuku ilikuwa haina imondo?"

"Ilikuwa nayo."

"Iko wapi?"

Baba alikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Angeweza kusema paka. Angeweza kusema ilianguka kwenye moto. Angeweza kusema mtoto, na huo ungekuwa ukweli.

"Nimeikula," akasema.

"Umeikula."

"Ndiyo, mkubwa."

Mkwe mmoja, mzee mwembamba, akasogeza sahani yake mbele na kunawa mikono kabla hajala chochote. "Tuliitwa hapa tuone mwenye boma," akasema taratibu. "Kumbe mwenye boma ako jikoni."

Mtu akacheka, kisha wengi. Na mimi, pale kidirishani, niliposikia mwenye boma ako jikoni, nilipiga makofi. Kweli nilipiga. Hakuna aliyenisikia kwa sababu ya kicheko.

Bwana Makokha hakucheka. Alizungumza bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli. "Vua hiyo koti."

Baba akafungua kifungo kimoja kimoja. Akalikunja koti vizuri, akatafuta mahali pa kuliweka, na kwa kuwa kila kiti kilikuwa na mtu akaliweka sakafuni. Chini ya koti alikuwa na fulana yenye tundu kwapani. Alipita katikati ya meza zote akiwa na fulana ile.

Kwenye kota mama alikuwa ameshaambiwa. Habari ya namna hiyo ina mbio. "Baba Roda, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Uliikula wewe?"

"Niliikula."

Mama akamwangalia kwa muda, kisha akaanza kukunja matandiko. Kabla jua halijazama tulikuwa njiani kwenda Khayega, kwenye shamba la babu, vitu vyetu vyote kwenye mkokoteni wa kuazima. Mama alitangulia na Josefu mgongoni. Baba alisukuma mkokoteni, mimi nikiwa kando yake, na kwenye mlima akasimama kupumua.

"Roda. Ni wewe uliniwekea?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ili hoteli iwe yako."

Baba alishika mkokoteni kwa mikono miwili. Mwishowe akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye harufu ya kitunguu, akauacha hapo. "Usimwambie mama yako," akasema. "Usimwambie mtu. Mimi mzee watanicheka, watachoka. Wewe bado utaolewa."

Nikanyamaza. Nilikuwa mtoto mtiifu, ndivyo nilivyojiambia.

Hoteli iliendelea na maisha yake. Bwana Makokha aliikalia miaka michache akaiuza. Aliyeinunua alifanya baa, aliyefuata akafanya chuo cha taipu, wa mwisho alikuwa anaweka simiti na mabomba. Ningetaka kuwaambia kwamba jambo hili lilibaki huko mjini, kwa hao wenye kununua na kuuza. Lakini lilikuja nasi kwenye mkokoteni.

Krismasi ya kwanza Khayega mama alichinja kuku. Alimpakulia baba, akamwekea mbele. Imondo haikuwemo. Alikuwa ameiweka kwenye sahani ya Josefu, ambaye hata meno yalikuwa hayajamkamilika. Baba aliangalia bakuli. Mama akasema, akiwa amempa mgongo, "Yake alikula mjini."

Baba akala.

Ikawa hivyo. Kila kuku aliyechinjwa katika nyumba ile, wa Krismasi, wa wageni, wa Josefu kupita mtihani, imondo ilikwenda kwa Josefu, na mama alisema maneno yale yale, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa mazoea tu. Baba, aliyewapelekea wenye hoteli imondo kwa mikono yake miaka yote ile, hakuiulizia nyumbani kwake. Mara chache aliinua macho akaniangalia mimi, si kwa kunilaumu, ni kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa. Niliolewa kutoka nyumba ile, kwa watu wazuri, na jina safi. Niliporudi kuwasalimu na mume wangu, kuku alichinjwa, mume wangu akapewa imondo ya mgeni. Nilikuwa mtu mzima, mwenye nyumba yangu na mdomo wangu. Sikufungua.

Baba alikufa wakati wa mvua ndefu, usingizini. Kwenye mazishi mzee mmoja alisimulia kisa cha imondo, watu wakacheka kwa upendo, kama watu wanavyocheka mazishini. Mama aliangalia chini. Bado aliona aibu.

Krismasi iliyofuata nilikwenda kwake na watoto. Tulikula kuku. Mama alipakua, imondo akampa Josefu, mwanamume wa mvi sasa, na kwa mazoea akageukia upande wa kiti cha baba akasema, "Yake alikula mjini." Kisha akakumbuka kwamba hakuna mtu pale, akabaki ameshika upawa.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, vidole vyangu vilivyoungua, mboga, kengele, mlima. Josefu aliacha kula akatoka nje. Mama alikaa chini kwenye kigoda, upawa mapajani unamwagia mchuzi kwenye leso, na hakuupangusa.

"Alikuwanga anasema nini," akauliza, "nikimnyima?"

"Hakuwa anasema kitu."

"Ndiyo. Hakuwa anasema kitu." Akageukia tena kiti cha baba. "Basi nimemkalisha mtu kwa nyumba yake kama mgeni. Hata mgeni tunampatianga."

"Ni mimi, mama," nikasema. "Ni mimi nilifanya."

Akatikisa kichwa, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilikuwa bibi yake."